Watu wazima, mnatuvunjia sheria za simu majumbani mwetu!

Nimeufungua uzi huu kwa hasira, na asije mtu akaniambia nipoe kwanza.

Nyumbani kwangu Majengo sheria ni fupi. Saa tatu usiku simu zote zinapanda juu ya kabati la ukumbini, yangu na ya baba watoto zikiwamo, na chaja hailali chumbani. Kijana wangu yuko gredi ya 9, dadake ana miaka 11. Walinuna, kisha wakazoea. Wanaonichosha si wao. Ni nyinyi watu wazima!

Walimu, kwa nini kazi ya nyumbani itumwe kwenye kundi la WhatsApp saa nne usiku? Tena kundi lenyewe wamo wanafunzi, wazazi hatumo. Mtoto akisema "Mama, nataka simu niangalie zoezi la mwalimu", nimjibu nini? Anaangalia picha moja, kisha anahamia TikTok, na kule hakuna ukurasa wa mwisho, video ikiisha nyingine ishaanza. Ubao mnao. Andikeni mchana, mtoto aje nayo kwenye daftari.

Muuza waifai wa mtaani kwetu naye, kwa shilingi kumi tu, baraza lake limejaa watoto wa shule saa tano za usiku, mabinti wamo. Nilimwendea kwa adabu nikamwomba asiwauzie baada ya isha. Akanambia, "Mama, mimi nauza intaneti, siuzi bangi." Jibu gani hilo kwa mzazi?

Lakini lililoniuma zaidi limetoka ndani ya ukoo. Shemeji yangu karudi kutoka Saudia na simu mpya, kampa binti yangu wa miaka 11 bila kutuuliza, kisha akamfungulia TikTok na Instagram kwa mwaka wa kuzaliwa wa uongo. Mitandao yote miwili hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 13. Na uongo ule una madhara yake: TikTok haimpi aliye chini ya miaka 16 ujumbe wa faragha, na tangu 2023 walio chini ya 18 wamewekewa kikomo cha dakika 60 kwa siku, ingawa mtoto mwenyewe anaweza kukiruka kwa namba ya siri. Binti yangu hata kinga hiyo hafifu hakuipata, maana kule ndani alihesabiwa mtu mzima. Nilikuta wanaume nisiowajua wanamwandikia "mambo mrembo". Mtoto wa miaka 11! Nilipoitwaa simu nikaambiwa roho mbaya, namnyima mtoto zawadi ya ami yake. Mavyaa mpaka leo hanisemeshi.

Najua wapo watakaosema serikali ipige marufuku kama Australia, ambako tangu Desemba 2025 walio chini ya miaka 16 hawaruhusiwi kuwa na akaunti. Ije, naiunga mkono. Hapa Kenya tayari Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Itamfaa nini binti yangu, ikiwa ami yake mwenyewe ndiye anayemwandikia umri wa uongo?

Wazazi wa Majengo mlio tayari twende pamoja kwa mwalimu mkuu kuhusu hayo makundi ya usiku, nijibuni hapa hapa. Tukitoka shuleni tutapitia kwa muuza waifai.