Manesi wananikimbia hata ajira za serikali zisipotoka, nishike wapi?

Matroni_Kanda
Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia wodi ya wazazi kwenye hospitali ya dini, Kanda ya Ziwa. Tunampokea nesi mbichi kutoka chuoni, tunamfundisha, akianza tu kuaminika kuachiwa wodi usiku, majina ya ajira za serikali yanatoka naye yumo. Hao siwalaumu, serikalini ajira ni ya kudumu, hapa mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja. Wanaoniumiza kichwa ni wale wanaohamia zahanati za mtaani zinazolipa kama sisi au pungufu. Mshahara sina mamlaka nao. Nifanyeje?

Kibuyu
Matroni usizunguke, ni hela tu.

Bi_Zamu
Si hela tu. Mimi niliacha hospitali ya namna hiyo na mshahara nilikuwa nimeshauvumilia. Kilichonitoa ni rosta. Inabandikwa Jumapili jioni, Jumatatu unaanza. Dada wa kazi utampangaje? Msibani utaenda lini? Halafu usiku upo peke yako, wazazi wawili wanasukuma kwa wakati mmoja, mtoto mmoja akifariki asubuhi unasimamishwa mbele ya kikao ujieleze kama mshtakiwa. Vikao vya vifo vya wazazi na watoto wachanga viliwekwa kutafuta chanzo, siyo kutafuta mchawi. Zahanati hakuna hayo, jioni nafunga mlango naenda kwangu.

Mwanasheria_Uchwara
Mkuu Kibuyu yuko sahihi nusu. Kuna hela ambayo siyo hisani ya mkurugenzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, ovataimu ilipwe mara moja na nusu, na kazi ya kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi iongezwe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Chukua salary slip ya nesi wako mmoja uangalie kama vimo.

Jembe la Kale
Mnajisumbua. Wafungisheni miaka mitatu, vyeti vibaki kwa afisa utumishi. Mtaona kama atatoka mtu.

Matroni_Kanda
Jembe, hapana. Nesi anayebaki kwa sababu leseni yake iko kabatini kwangu sitaki amchome mgonjwa wangu sindano.

Bi Zamu, umenigusa. Rosta ya mwezi mzima naweza kuitoa, iko mikononi mwangu. Kikao nitaongea na daktari mfawidhi, ingawa namjua, anapenda kufoka. Slip nimeiangalia hapa hapa: ya usiku haimo. Ila mtu wa pili wa usiku namtoa wapi?

Mkunga_Mwandamizi
Kabla hujaomba ajira mpya, fungua rejista ya MTUHA (vitabu vya takwimu za huduma za afya) ya wazazi, hesabu wanaojifungua kwa kila zamu. Kwetu tulikuta alfajiri ndiyo kazi inapamba moto, mchana watu wanajaza vitabu na kusindikiza raundi. Tulimtoa mmoja asubuhi tukampeleka usiku. Wa asubuhi walinuna wiki kadhaa, jiandae kwa hilo. Na usimpeleke usiku yule mgeni kuliko wote, hata kama ndiye pekee asiyebisha.