Wanachuo wa ualimu wa sayansi wanasoma kosa, hawasomi fikra ya mwanafunzi. Mnawafundishaje?

MkufunziFizikia aliuliza:

Habari za kazi, walimu. Wanachuo wangu wanaandika andalio la somo vizuri na kusimama mbele ya darasa hakuwatishi. Kinachowashinda ni jibu la mwanafunzi. Ukiwapa daftari lenye jibu la ajabu, wanaandika "hajaelewa, arudie" na kulifunga. Hawaoni kwamba mtoto amefika pale kwa hoja, na hoja hiyo ina mantiki yake. Naomba mbinu zinazotekelezeka: wafanye kazi gani, waanze na ipi, na nitajuaje kwamba wameanza kuiona fikra yenyewe?

Saketi_na_Chaki:

Mkufunzi, anza na mahojiano ya mwanachuo mmoja na mwanafunzi mmoja, kabla hajakabidhiwa darasa zima. Dakika 15 hadi 20, juu ya kitu kinachoshikika. Umeme unafaa mno: betri ya volti 1.5, balbu ya tochi, nyaya mbili. Mwanafunzi achore kwanza atakavyoviunganisha, atabiri kama balbu itawaka, ndipo aunganishe. Ikishawaka achore mishale ya mkondo kwenye kila waya na aseme ni wapi mkondo ni mkubwa zaidi.

Mishale hiyo inafichua mengi. Roger Osborne wa New Zealand, katika utafiti wake wa miaka ya 1980, alibainisha mawazo manne yanayojirudia kwa watoto: waya mmoja tu ndio unaopeleka umeme, mikondo miwili inatoka pande zote za betri na kugongana kwenye balbu, mkondo unazunguka lakini balbu inakula sehemu yake, hivyo unarudi pungufu, au unazunguka bila kupungua. La mwisho ndilo la kisayansi. La tatu ndilo gumu kulibaini, kwa sababu mwenye nalo anajibu maswali mengi ya mtihani kwa usahihi.

Kulifichua, ongeza balbu ya pili inayofanana kwa mfuatano (zote mbili kwenye njia moja, moja baada ya nyingine), aulizwe ipi itafifia. Tahadhari: balbu za aina moja hazilingani kabisa, moja inaweza kufifia kweli na mwanafunzi akaondoka akiamini zaidi wazo lake. Zibadilisheni nafasi. Ufifiaji ukihama pamoja na balbu, nafasi haihusiki. Na ammita, kifaa cha kupima mkondo, iwe moja, ihamishwe kutoka upande mmoja wa balbu hadi wa pili. Ammita mbili zisiposoma sawa zinaleta matatizo yaleyale.

Mahojiano yanaharibika mwanachuo anapoanza kufundisha: "Huoni kwamba…?", kutikisa kichwa kwa kukubali jibu likiwa sahihi tu, kumtamkia mwanafunzi neno lililompotea. Mpe maswali machache ya kushika: "Unaposema umeme unaisha, unaishia wapi?" "Nini kingekufanya ubadili mawazo?" "Nionyeshe kwenye mchoro." Kisha anyamaze. Mary Budd Rowe, mtafiti wa ufundishaji wa sayansi wa Marekani, alionyesha kwamba walimu kwa kawaida husubiri takriban sekunde 1 tu baada ya kuuliza. Wakisubiri 3 au zaidi, majibu yanarefuka na wanafunzi wanatoa sababu zaidi. Na asubiri pia baada ya jibu, maana sentensi ya pili ya mtoto mara nyingi ndiyo yenye fikra.

Rekodini sauti kwa ridhaa ya mwanafunzi na mzazi. Mwanachuo aandike neno kwa neno dakika 3 tu za mahojiano, kisha kila swali lake alipe alama: la kuchunguza au la kufundisha. Akijisoma hivyo hahitaji kuhubiriwa.

Mbegu_na_Mizani:

Naongezea kazi ya makaratasi, inayowafaa wasio na nafasi ya mahojiano mengi. Chukua majibu 20 hadi 25 ya swali moja: "Mbegu ndogo imekuwa mti mkubwa. Tungamo lote hilo limetoka wapi?" Wawili wawili wayapange mafungu kwa wazo, bila kutoa alama. Fungu la "hajui" ni marufuku. Kila fungu lipewe sentensi ambayo mwanafunzi mwenyewe angeikubali, mfano "mti unakula udongo kupitia mizizi".

Watakwama kwenye karatasi zilizoandikwa "usanisinuru" (mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga) na basi. Wanachuo huzipeleka fungu la sahihi. Zirudishe na swali la pili: "Ukiukausha mti huo, sehemu kubwa ya kilichobaki ilikuwa nini kabla?" Wengi walioandika neno lile watarudi kwenye udongo au maji.

Kisha waelezeni jaribio la mwanasayansi wa zamani Van Helmont, lililochapishwa 1648: mche wa ratili 5 (ratili ni karibu nusu kilo) kwenye udongo wa ratili 200, baada ya miaka 5 mti una ratili 169 na udongo umepungua wakia 2 hivi. Yeye akahitimisha kwamba mti umetokana na maji. Ushahidi ulimwondoa kwenye udongo bila kumfikisha kwenye hewa, ambako sehemu kubwa ya tungamo kavu la mti hutoka, na wanafunzi hufanya vivyo hivyo. Kikwazo mara nyingi hakiko kwenye mmea; kiko kwenye imani kwamba gesi haina uzito, kwa hiyo kabonidayoksaidi haiwezi kuwa ubao. Mwanachuo asiyefika hapo atarudia somo la majani bure.

Kani_Tulivu:

Nakubaliana na wote, ila msiwape wanachuo orodha ya dhana potofu mapema. Wakiishika watasikia orodha, hawatamsikia mtoto. Ije baada ya mahojiano ya kwanza.

Kabla ya hapo wajibu wenyewe, kwa maandishi, kwa nini kuna majira ya joto na baridi. Baadhi wataandika umbali wa Jua. Wape takwimu: Dunia iko karibu zaidi na Jua mapema Januari, takriban kilomita milioni 147, na mbali zaidi mapema Julai, milioni 152. Januari ni baridi kaskazini na joto kusini, kwa hiyo umbali hauelezi. Halafu waulize wazo lao lilitoka wapi. Ukisogelea moto unapata joto zaidi: wazo ni la kweli, limepelekwa pasipofaa. Mwanachuo akishaliona hilo kwake mwenyewe, ataanza kutafuta upande wa kweli katika jibu la mtoto, na somo linajengwa hapo.

MkufunziFizikia:

Ahsanteni sana. Swali langu la mwisho bado: nipime vipi kwamba wameanza kuiona fikra?

Saketi_na_Chaki:

Kwa utabiri. Mwanachuo asome majibu ya mwanafunzi kwa maswali mawili, kisha aandike, kabla ya kuona, atajibu nini la tatu na kwa sababu gani. Swali la tatu liwe na sura tofauti: badala ya balbu weka mota ndogo. Toa alama kwa sababu, si kwa kupatia tu. Akikosea, asirekebishe kwa kumwita mwanafunzi "amechanganyikiwa". Aandike wazo gani lingetoa majibu yote matatu. Mara nyingine hakuna wazo moja, mtoto anatumia moja kwa balbu na jingine kwa mota. Hilo nalo ni jibu halali, mradi aonyeshe ni kitu gani kwenye swali kilichomfanya mtoto ahame.

Mbegu_na_Mizani:

Na andalio la somo liongezwe safu moja: "Nitasikia nini, nitauliza nini". Mistari miwili au mitatu kwa kila swali kuu inatosha. Ikizidi hapo wanainakili tu kutoka kwa mwenzao.