Vikoloni ndani ya mduara wa sipro: nisome 27 au 17? Naomba ushauri leo

LaboNdosho
Jambo sana wandugu. Niko Goma, nafanya kazi kwenye labo ya kituo kidogo cha afya. Nina usaha wa kidonda cha mguu: kijana alianguka na moto (pikipiki), mfupa ukatoka nje, ana vyuma mwezi wa tatu sasa. Nimepanda kwenye sahani, ameota bakteria Pseudomonas aeruginosa, kijani kabisa, na ile harufu yake ya zabibu. Kwenye antibiograma, kile kipimo cha kuona ni dawa gani inamuua bakteria, diski ya sipro (antibiotiki) imefungua mduara usio na bakteria wa mm 27. Ila ndani ya mduara kuna vikoloni vinne, yaani vifungu vya bakteria walioota, vidogo kama punje za chumvi. Nikipima hadi kile kilicho karibu zaidi na diski, napata mm 17. Jedwali la CLSI, mwongozo wa kusoma miduara, linasema 25 kwenda juu ni S, dawa inafanya kazi. 18 kushuka ni R, imeshindwa. Nisome ipi?

Mama Furaha
Pole mwanangu. Mimi labo zilishanichosha. Dada yangu alipimwa Widal mara nne kwa mwaka mmoja, zote nne tifoidi, akameza dawa hadi masikio yakawa yanalia. Mwisho ikaonekana ni vidonda vya tumbo. Huyo kijana mpelekeni kijijini kwa wazee wanaounga mifupa.

Fiston_Birere
Mimi tumbo likinishika nakunywa sipro mbili, asubuhi niko sawa. Zikibaki kwenu mniuzie.

YaJeanne
Nimesoma sahani miaka 22, Bukavu. Usiandike kitu kwanza. Chukua kikoloni kimoja cha ndani, ukipande peke yake. Akitoka bakteria mwingine, sahani ilichafuka, unarudia yote. Akitoka yuleyule, wa ndani wanahesabiwa, unasoma 17. Halafu niambie: miduara ya dawa nyingine iko safi? Na siku ulipochukua usaha, mgonjwa alikuwa kwenye dawa gani? Hilo umeliruka.

LaboNdosho
Aksanti yaya. Seftazidimu ina viwili, meropenemu kimoja, amikasini safi. Ila mimi niliuliza namna ya kusoma mduara tu.

YaJeanne
Alikuwa kwenye dawa gani?

LaboNdosho
Sipro. Siku ya 9.
Munielewe. Seftazidimu ni sindano mara tatu kwa siku, na ya kumeza inayomgusa bakteria huyu ni sipro. Majibu pia yameshatoka. Nilisaini S jana mchana, maana mduara ulikuwa mkubwa, nikaona vikoloni vinne si kitu mbele ya mamilioni. Muganga akaongeza wiki mbili. Mgonjwa ni mdogo wangu. Vidonge tumevinunua na pesa ya likelemba (upatu) ya mama.

Muganga_Kadutu
Ndugu, hao wanne ndio habari yenyewe. Bakteria huyu akiwa mzima, anayezaliwa na kosa la kumwokoa na sipro ni mmoja katika mamilioni mengi, pengine katika bilioni. Wewe sahani moja imekuonyesha wanne kwenye sipro, na wengine kwenye dawa mbili za jamii tofauti na sipro. Ikithibitika kwamba hakuna bakteria mwingine aliyechanganyika, mimi ningeshuku bakteria anayebadilika haraka kuliko kawaida. Kila bakteria ana jeni za kusahihisha makosa anaponakili DNA yake. Mojawapo inaitwa mutS. Ikiharibika, makosa yanaongezeka mara mia, hata mara elfu. Wahispania walichapisha mwaka 2000 kwamba aina hiyo imejaa kwenye mapafu ya wagonjwa wa sisti fibrosisi (ugonjwa wa kurithi), watu wanaokaa na Pseudomonas miaka na miaka. Kidonda cha miezi mitatu chenye chuma ndani nacho ni makazi ya muda mrefu.
Na si dawa inayowafundisha. Luria na Delbrück walishaonyesha mwaka 1943 kwamba waliobadilika wanakuwapo kabla ya shambulio. Shambulio linaua wenzao tu. Kila kidonge cha sipro unachompa mdogo wako sasa kinawapalilia shamba hao wanne.

KaziNiKazi
Mimi naona huyu anatudanganya. 27 na 17, zote mbili zinaanguka karibu kabisa na 25 na 18? Hii ni swali ya mutihani, ama anatafuta tumuandikie TFC, kazi yake ya mwisho ya chuo, bure. Na Jumamosi usiku mtaa wa Ndosho wote ulikuwa giza. Etuvu gani, hilo sanduku la joto la kuoteshea sahani, ilibakia na digrii 35?

Mama Furaha
Kumbe! Na mimi nimeshamwombea huyo mtoto.

Fiston_Birere
Hata mimi nilishangaa. Mtu wa labo anauliza kusoma sahani?

LaboNdosho
Etuvu yetu inatumia paneli ya jua na betri mbili. Saa nane usiku niliamka, kipimajoto kilisoma 34, nikaufunika mlango na blanketi. Mduara nimeupima kwa rula, sahani nikiwa nimeigeuza juu ya kitambaa cheusi, mara tatu: 27, 27, 26. Picha ya mguu wa mtu siiweki hapa. Tunalala chumba kimoja na mdogo wangu. Leo asubuhi nimemfungua bandeji, na gozi imetoka na doa la kijani pana kama kiganja changu. Mama Furaha, endelea kumwombea.

YaJeanne
Iwe TFC, iwe mguu wa kweli, jibu ni lilelile. Mpigie muganga sasa hivi, usingoje sahani ya pili. Mwambie usaha ulichukuliwa mgonjwa akiwa kwenye sipro, na mwambie vikoloni viko wapi. Kwenye daftari piga mstari mmoja juu ya S, isomeke chini yake, weka tarehe na saini. Sahani ya pili asome mwenzako, ya ndugu yako usiisome mwenyewe.

LaboNdosho
Yaya, nikipiga mstari watasema labo yetu inabahatisha. Na wiki mbili za vidonge zimeshalipwa. Nilifikiri amalize kwanza, kisha turudie kipimo.

YaJeanne
Hapana, mwanangu. Piga simu.

Muganga_Kadutu
Naunga mkono. Na mpasuaji amwone: kama kuna kipande cha mfupa uliokufa, dawa haifiki pale, ya kumeza wala ya sindano. Amikasini kuwa safi kwenye sahani kusikufanye umpe hiyo peke yake, kwenye mfupa wenye usaha ni dhaifu. Huenda zikahitajika mbili pamoja, na figo zipimwe.

LaboNdosho
Nimerudi, ni siku mbili sasa. Kikoloni kilipandwa peke yake: Pseudomonas yuleyule, hakuna mwingine. Mwenzangu ndiye amesoma, sikumwambia sahani ni ya nani. Sipro mm 15. Muganga hakunigombeza, aliuliza saa ngapi nilisaini, akanyamaza, akasimamisha sipro palepale. Alhamisi mpasuaji anamfungua kusafisha. Jana jioni nimemweleza mama habari ya pesa yake. Alikuwa anachambua sombe, hakuacha, akaniuliza tu kama mguu utabaki.
KaziNiKazi, mstari uko kwenye daftari, na jina langu liko pembeni.
Fiston, vidonge haviuzwi. Viko mezani kwa muganga, vyote 28.