Ulinganisho: Hafla ya kuagana wakati wa marufuku ya pombe India. Ninunue mapema, nikodi ukumbi wa hoteli, au nisogeze tarehe?

Kisima_cha_Mtaa
Wakuu, habari za humu ndani. Ninaomba ushauri wenu kabla sijatoa pesa. Niko India na ninataka kumwandalia mdogo wangu hafla ya kumuaga, kwa kuwa amemaliza shahada yake ya pili na anarudi nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuwaalika watu ndipo jirani aliponiambia kwamba siku hizo pombe haitauzwa popote kwa sababu ya uchaguzi mkuu wa 2024. Ninaona njia tatu: kununua bia na mvinyo mapema na kuvihifadhi nyumbani, kukodi ukumbi mdogo katika hoteli kubwa ambayo nadhani leseni yake ni ya aina nyingine, au kusogeza tarehe. Ipi ina unafuu? Muuzaji amekubali kunipunguzia bei nikichukua kreti kadhaa kwa pamoja, ila anataka jibu wiki hii hii.

Nahodha_Mstaafu
Mleta mada, hapo hujatuuliza swali bado. India ina majimbo mengi na kila jimbo lina sheria zake za vileo, kwa hiyo kusema "niko India" hakutusaidii. Kama uko Gujarat au Bihar, habari ya uchaguzi haina maana, kwa sababu huko pombe imepigwa marufuku mwaka mzima. Bihar tangu 2016, na Gujarat tangu jimbo lenyewe lilipoundwa 1960. Kama uko Kerala, maduka hufungwa siku ya kwanza ya kila mwezi hata pasipo kura. Tupe jimbo, tarehe na saa, utuambie wageni ni wangapi na wana umri gani, maana Goa mtu wa miaka 18 anauziwa, ilhali Maharashtra pombe kali inataka miaka 25. Hoteli uliyoifikiria ni ya namna gani? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Pwani_Kusini
Mkuu Nahodha, mbona unamtisha mwenzako? Mimi nipo Pune, jimbo la Maharashtra, kwa muda mrefu na jambo hili ni jepesi. Tarehe 26 Januari, 15 Agosti na 2 Oktoba maduka hufungwa kila mwaka, na kila mwaka tunanunua siku mbili kabla, tunajaza friji na tunafunga mlango. Marufuku ni ya kuuza, si ya kunywa. Chukua kreti zako kwa bei hiyo nzuri na usiwaze tena.

Kisima_cha_Mtaa
Nimeelewa, Nahodha, shukrani. Niko Bengaluru, jimbo la Karnataka. Hafla ni Alhamisi tarehe 25 Aprili kuanzia saa 1 usiku, na kura inapigwa Ijumaa tarehe 26. Niliichagua Alhamisi kwa makusudi, kwa kuwa Ijumaa ni mapumziko ya uchaguzi na hakuna atakayelazimika kuamka mapema. Wageni watakuwa kama ishirini na kitu hivi, wengi wao wanafunzi wenzake waliokwisha kutimiza miaka 21. Ndege yake inaondoka Jumamosi alfajiri, kwa hiyo siwezi kupeleka mbele. Hoteli ni ya nyota nne, na sijawauliza bado.

Wakili_wa_Jioni
Sasa tunaweza kuzungumza. Marufuku ya uchaguzi si sawa na ile ya sikukuu aliyoitaja Pwani_Kusini, na tofauti hiyo ndiyo itakayokuamulia. Kifungu cha 135C cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1951 kinasema kwamba katika saa 48 zinazoishia saa ya kufungwa kwa kura, kileo hakitauzwa, hakitatolewa wala kugawiwa katika hoteli, mgahawa, baa, duka au mahali pengine popote, pawe pa umma au pa faragha, ndani ya eneo la uchaguzi. Rudia maneno "kutolewa" na "faragha". Sebule yako ni mahali pa faragha, na kumpa mgeni chupa ni kutoa. Adhabu ni kifungo kisichozidi miezi 6, au faini isiyozidi rupia 2,000, au vyote viwili, na vileo vyenyewe vinaweza kutaifishwa.

Kura ikifungwa saa 12 jioni Ijumaa, marufuku inaanza saa 12 jioni Jumatano, kwa hiyo Alhamisi yako imekaa katikati kabisa. Habari ya hoteli iondoe kichwani leo, kwa kuwa maelekezo ya Tume ya Uchaguzi yanazigusa hoteli za nyota na klabu vilevile, hata zile zenye leseni za aina tofauti. Huenda ulikuwa unafikiria siku za sikukuu, ambapo baadhi ya majimbo huzilegezea hoteli kubwa.

Pwani_Kusini
Wakili, kwa heshima zote, tangu lini polisi wakagonga milango ya watu kuhesabu glasi? Sheria hiyo ilikusudiwa wagombea wasiwanyweshe wapiga kura. Mtanzania anayemuaga ndugu yake hana kura ya kuuza wala ya kununua.

Wakili_wa_Jioni
Kusudio lake ndilo hilo, sikatai. Lakini maandishi hayakumtenga mgeni, na kutokukamatwa si ruhusa. Polisi hawahitaji kuzunguka mitaani. Inatosha jirani mmoja aliyechoshwa na muziki apige simu. Shauri ambalo kwa mwenyeji lingeishia kwenye faini ndogo, kwa mtu mwenye viza ya masomo linaweza kuzaa maswali mengi, na huyu kijana ana ndege Jumamosi alfajiri. Nani kati yetu angependa ashinde Ijumaa nzima kituoni akieleza kreti ni za nani?

Bibi_Zafarani
Wadogo zangu, huku Bangkok mambo yanafanana. Katika uchaguzi wa tarehe 14 Mei 2023 marufuku ilianza saa 12 jioni Jumamosi hadi saa 12 jioni Jumapili, na sheria ya huku inataja waziwazi hata kuandaa karamu ya pombe, si kuuza tu. Kwa hiyo Wakili hajatia chumvi.

Mimi ushauri wangu ni ule ule ninaoutoa kila mara: nunua bia zisizo na kilevi, zipoze sana, na andaa chakula kingi. Watu wengi wanachokitaka ni kushika chupa yenye baridi mkononi huku wanazungumza. Ukiwatangulizia nyama ya kuchoma na juisi ya ukwaju yenye pilipili kidogo, hakuna atakayekuuliza asilimia.

Pwani_Kusini
Bibi, shikamoo. Bia isiyo na kilevi nimeinywa, na sitamwombea hata adui yangu.

Bibi_Zafarani
Marahaba, mwanangu. Uliinywa ya moto.

Mzururaji_wa_Jozi
Nimesoma kimya kimya, lakini hoja ya "nunua mapema, weka ndani" imenigusa penye donda. Mwaka 2020 nilikuwa Johannesburg. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa pombe kuanzia mwishoni mwa Machi, ikaruhusu tena tarehe 1 Juni, kwa siku nne za wiki na saa za mchana tu, ndipo Jumapili ya tarehe 12 Julai usiku Rais Ramaphosa akatangaza kwenye televisheni kwamba marufuku imerudi, na inaanza papo hapo. Sababu ilikuwa vitanda vya hospitali: majeruhi wa ulevi walikuwa wanachukua nafasi za wagonjwa wa korona. Waliokuwa na akiba wakajiona wajanja, nami nilikuwa mmojawao, kwani mwezi Juni nilikuwa nimenunua kihalali kabisa kasha la mvinyo na chupa kadhaa za brandi.

Shida ya kwanza ilikuwa watu. Neno lilienea kwamba kwangu kuna kitu, wakaanza kunipigia simu watu ambao hata jina la mtoto wangu hawalijui. Shida ya pili ndiyo iliyoniumiza. Mwisho wa mwezi nilikuwa ninahama fleti, nikapakia kila kitu kwenye gari: godoro juu, masufuria nyuma, na kasha la mvinyo kwenye buti, nimelifunika kwa blanketi la kijivu ili chupa zisigongane. Kwenye kizuizi cha polisi askari akaniuliza nina nini, nikamjibu vyombo vya nyumbani. Akalivuta blanketi kwa ncha ya vidole viwili, kama mtu anayekagua samaki sokoni, kisha akazitoa chupa moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya boneti, lebo zote zikimtazama yeye. Nilimwonyesha risiti ya Juni. Akaisoma yote, akanirudishia, akasema hana ugomvi na ununuzi wangu. Kilichokatazwa ni kusafirisha. Na kweli kanuni za wakati ule zilizuia hata usafirishaji. Zilichukuliwa zote, nikaandikiwa faini, na foleni ya magari nyuma yangu ikawa inapiga honi.

Mpaka leo naona nilionewa, kwa maana mtu hawezi kuhama nyumba akaacha mali yake nyuma. Lakini ninachomwambia mleta mada ni hiki: marufuku hizi hazifanani, na kila moja ina kitenzi chake. Moja inakataza kuuza, nyingine kusafirisha, nyingine kutoa. Akiba inakulinda dhidi ya kitenzi kimoja tu.

Mpita_Njia_88
Kwa nini msivuke kwenda Hosur? Iko Tamil Nadu, si mbali na Bengaluru, na Tamil Nadu inapiga kura tarehe 19, kwa hiyo tarehe 25 watakuwa wamekwisha kumaliza.

Nahodha_Mstaafu
Kununulia Hosur na kurudi na mzigo ni kuvusha pombe mpaka wa jimbo, jambo ambalo ni kosa lake lenyewe hata siku isiyo na kura, kwa kuwa ushuru wa vileo ni wa kila jimbo. Kufanyia hafla huko kunawezekana kwa nadharia, ila utawasafirisha watu ishirini na zaidi usiku kwenda na kurudi, na maduka ya karibu na mpaka nayo huamriwa kufunga jirani anapopiga kura. Mimi ninashikilia kusogeza tarehe. Jumapili ya tarehe 21 ina kasoro gani?

Kisima_cha_Mtaa
Mdogo wangu atakuwa Hyderabad na anarudi Jumatatu. Inabaki Jumanne tarehe 23, lakini baadhi ya wenzake wana mtihani Jumatano asubuhi, na hao ndio marafiki zake wa karibu hasa. Je, Ijumaa jioni baada ya kura kufungwa?

Wakili_wa_Jioni
Kisheria saa 48 zitakuwa zimeisha, lakini amri za wilaya mara nyingine huongeza hadi usiku wa manane. Lisubiri tangazo la kamishna kabla hujaahidi mtu. Halafu fikiri mwenyewe: anaondoka alfajiri, na uwanja wa ndege wa Bengaluru uko Devanahalli, mbali na mjini.

Mtulivu
Ninastaajabu kuona watu wazima wanahangaika hivi kwa saa 48. Muageni kwa dua na pilau.

Mzururaji_wa_Jozi
Ndugu Mtulivu, aliuliza kati ya njia tatu, na hiyo ni ya nne. Hata hivyo pilau siikatai.

Kisima_cha_Mtaa
Nimemwambia muuzaji anisubiri. Mdogo wangu mwenyewe anapendelea Alhamisi ibaki, hata ikiwa kavu, kwa sababu siku hiyo wote watafika. Mimi bado roho inanivuta kwenye Jumanne, kwa kundi dogo zaidi. Hoteli nimeiacha. Muuzaji anasema bei hiyo ni ya kreti nyingi tu, na kwa Jumanne nitahitaji nusu yake.

Wakili_wa_Jioni
Ukichukua Jumanne, hakikisha pia kinachobaki. Kila jimbo lina kiwango cha juu cha vileo anachoruhusiwa mtu kuweka nyumbani bila kibali, na bei ya punguzo huwasahaulisha watu jambo hilo. Nawe Pwani_Kusini, Pune inapiga kura Jumatatu tarehe 13 Mei, kwa hiyo Jumamosi jioni na Jumapili nzima zimekwenda.

Pwani_Kusini
Jumapili hiyo nimekwisha kualika watu. Kisima, huyo muuzaji wako alikupa bei gani kwa kreti?