Baba anashinda langoni: kikundi cha kanisa, nyumba ya wazee ya mchana, Kisumu au Luanda?

Binti wa Reli (Jumapili, saa 2:40 usiku)

Wadau, habari za jioni. Naomba mawazo, na nawasihi mtu asianze na "mpeleke ushago akapumzike".

Baba ana miaka 74. Alifanya kazi ya reli Kisumu hadi akastaafu. Mama alituacha mwaka juzi, na tangu Aprili baba yuko kwangu hapa Lanet, Nakuru, orofa ya pili. Kula anakula, dawa za presha anameza bila kukumbushwa. Shida ni mchana. Mimi na mume wangu tunatoka saa kumi na mbili na nusu, watoto wako shule. Nikirudi jioni namkuta chini langoni, ameketi na soja wa ploti, kofia kichwani, kama msafiri anayengoja gari. Juzi aliniuliza kama treni ya mizigo iliyopita saa nane ilikuwa ya Kisumu au ya Malaba. Nikasema sijui. Akanijibu: "Hapa Lanet huwezi kujua, njia zinaachana Nakuru. Nilitaka tu kuongea."

Hiyo imeninyima usingizi.

Nimejaribu kikundi cha wazee cha kanisa letu, kinakutana Alhamisi saa nne, mchango ni mia moja na chai ipo. Alienda mara mbili, ya tatu akasema goti. Nimeenda pia kuona nyumba moja ya kutunza wazee mchana upande wa mjini: unamleta asubuhi, unamchukua jioni, analishwa. Inanukia vizuri lakini bei inauma. Kaka yangu yuko Migosi, Kisumu, na anasema yuko tayari kukaa naye. Halafu kuna nyumbani kwenyewe, Luanda kaunti ya Vihiga, ambako nyumba ipo ila nani atakuwa ndani yake?

Mwenye mzazi aliyepitia mojawapo ya hizi anieleze kwa ukweli. Msinifurahishe.

Kipchumba254 (saa 2:51)

Mpeleke ushago tu.

Binti wa Reli (saa 2:53)

Asante sana kwa kusoma.

Mama wa Bahati (saa 3:05)

Dada, pole. Mimi niko upande wa kanisa, lakini nikwambie kitu ambacho hatupendi kusema. Vikundi hivi vinatufaa sisi wanawake zaidi. Mama yangu ana miaka 78, ameanza kukaa na wenzake Mothers' Union akiwa bibi harusi. Wamezikana waume, wameweka na kukopeshana pesa, wanajua nani anakunywa chai bila sukari. Akikosa Alhamisi moja, saa saba watatu wako mlangoni. Sasa chukua mwanamume aliyetumia miaka thelathini na ushee kwenye injini, mketishe kwenye duara, mwambie aimbe pambio huku anapiga makofi. Atakuja mara mbili kwa heshima yako.

Uliza wako wanaume wangapi. Kwetu ni watatu, na mmoja hasikii.

Jirani wa Kaptembwa (saa 3:20)

Nyumba ya mchana nilimpeleka mama mkwe miezi minne. Jina sitaji, na si lazima iwe hiyo uliyoona. Asubuhi ukimleta kuna tabasamu na sare safi. Siku moja nilitoka kazini mapema nikapita saa tisa bila kupiga simu. Wazee wanane, msichana mmoja, televisheni juu kabisa, katuni. Mama mkwe alikuwa amefungwa leso kiunoni na kitini "asianguke". Hakuwahi kuniambia. Alikuwa anaogopa nitaona analeta ugumu.

Sisemi zote ziko hivyo. Nasema nenda saa tisa, usiende saa tatu. Uliza mzee akianguka nani anamwinua, wamtaje kwa jina. Na uombe kutumia choo, choo chenyewe cha wazee, si kile cha wageni.

Mtu wa Dunga (saa 3:34)

Kisumu nitaitetea mpaka kesho. Kwanza joto. Mzee wangu alikuwa Nakuru mwezi wa saba, akawa anavaa koti mbili ndani ya nyumba na magoti yanalia. Hapa goti limenyamaza, au pengine ameacha kulisikiliza. Pili, tuktuk. Watu hucheka, lakini sakafu ya tuktuk iko chini, mzee anaingia kwa makalio kwanza halafu anavuta miguu. Hebu mpandishe matatu hapo Lanet asubuhi uone, kondakta anapiga bodi gari halijasimama. Tatu, wazee wetu wana mchezo wa ajua. Chini ya mti, mashimo na mbegu, mtu anafika saa nne anaondoka jua likizama, na hakuna aliyeandikisha jina wala kulipa mia.

Ubaya upo. Yeye alirudi akitafuta wenzake wa zamani. Wanne aliwakuta makaburini. Wiki ya kwanza alikuwa anazunguka kama anayedai deni. Kwa hiyo usimwahidi marafiki, mwahidi mahali.

Khayega Jumamosi (saa 3:41)

Sisi huku Kakamega huduma ya wazee ni mapigano ya mafahali 😂 Jumamosi alfajiri mchezo unaanza Shinyalu au Malinya, na huyo mjomba wangu wa miaka 80 asiyeweza kwenda kliniki bila kubebwa, ule umande anaukata kwa miguu yake mwenyewe nyuma ya ngoma za isukuti.

Lakini bila utani, hizo ngoma zenyewe UNESCO waliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na sababu ni hao hao wazee wanaojua kuzipiga wanaisha. Vijana wakienda kujifunza kwa mzee, siku hiyo hana goti.

Afya Nyumba kwa Nyumba (saa 4:02)

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, hawa mnaotuita CHP, huku kaunti ya Vihiga. Naomba niongeze yale yasiyo na utamu.

Ukifikiria Luanda, uliza kwanza nani ni CHP wa kijiji chenu. Tangu 2023 tumepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari, na kila mmoja wetu ana nyumba kama mia moja za kutembelea. Kwa mzee aliye peke yake, wakati mwingine mimi ndiye mtu pekee aliyeingia mlangoni wiki hiyo. Nakuru pia wapo, lakini ploti za orofa zinatushinda. Tunabisha lango, soja anasema wenyewe wako kazini. Mwachie soja maagizo.

SHA, bima ya afya ya serikali: watu wengi wanadhani wakilipa wao, mzazi yumo. Hayumo. Mchango wako unakuhusu wewe, mume na watoto. Baba anasajiliwa kivyake. Zahanati na kituo cha afya anatibiwa kwa kusajiliwa tu, lakini akilazwa hospitali kubwa ni lazima mchango wake uwe umelipwa, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Lipeni kabla ya kuugua, nawaomba.

Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wazee, ni 2,000 kwa mwezi kwa aliyefika miaka 70, ila mwenye pensheni hahesabiwi. Kama reli inamlipa chochote, msimchoshe kwa foleni ya chifu.

Kifungu 57 (saa 4:15)

Kwa kuwa jina langu limejiita: kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kushiriki kikamilifu katika shughuli za jamii, kuishi kwa heshima, na kupata uangalizi na usaidizi kutoka kwa familia yao na serikali. Oneni familia imetajwa kwanza. Walioandika walitujua.

Kama wanaume wa Lanet ni wachache kanisani, si lazima wawe wa kanisa moja. Watu kumi wakikubaliana wanaweza kusajili kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo. Kikundi kikiwa na cheti kinafungua akaunti, na hata kuomba ukumbi unakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Kipchumba254 (saa 4:17)

Kumi utawatoa wapi na mzee hataki kutoka langoni?

Mzee Saa Tano (saa 4:48)

Nimewasoma wote. Mimi ndiye huyo mnayemjadili, tofauti ni kwamba nina simu. Miaka 71, niko Section 58 hapa Nakuru, nilikuwa karani.

Binti, umepima bei, umepima umbali. Mimi kila mahali pa wazee hupima vitu vitatu kabla sijasalimia mtu: choo, kivuli na nauli. Choo kinatangulia, na nitakwambia kwa nini, samahani kwa walio mezani. Dawa moja ya presha wanayotupa inatoa maji mwilini. Ukimeza saa moja, kuanzia saa mbili hadi saa tano wewe ni mtumwa. Huwezi kupanda gari la Lanet mpaka mjini ukiwa na hofu hiyo. Hivyo mtu anasema "goti". Goti ni neno la heshima. Wenzangu nusu wana goti la namna hiyo. Ndiyo maana naitwa Saa Tano, kabla ya hapo sionekani mjini.

La pili, mnatutafutia burudani. Sisi si wageni wa harusi. Mimi hucheza drafti nje ya kibanda cha fundi viatu, si mbali na Nyayo Gardens, na kinachonitoa kitandani si drafti. Ni kwamba bodi hulala kwangu. Nisipofika, wanaume watano wanakaa wakitazamana na kunitukana. Mtafutie mzee jambo ambalo asipofika litakwama.

Muulize baba yako kuhusu choo. Usiulize mbele ya watoto.

Mama wa Bahati (saa 4:55)

Mzee, umenifanya nikumbuke choo cha kanisa letu. Kiko chini ya mteremko, na mvua ikinyesha hata mimi nashika nyasi.

Binti wa Reli (Jumatano, saa 3:10 usiku)

Nimerudi. Sijui nianzie wapi.

Sikuweza kumuuliza. Nilifika mpaka mlango wa chumba chake nikageuka, jamani ni baba yangu. Nikashuka nikamuuliza soja. Yule kijana akaangalia chini, akasema, "Mama, mzee huwa anatumia choo changu hapa langoni. Kule juu anasema ni ngazi 36, amezihesabu, na akishuka mara moja hapandi tena hadi jioni." Kumbe ndiyo kofia, ndiyo kuketi langoni. Mimi nilidhani anangoja kurudi Kisumu. Alikuwa anakaa karibu na choo.

Na kanisani ni hivyo hivyo: choo cha shimo, mteremko, hakuna pa kushika, na waliokuwepo wa kumshika mkono ni akina mama wa rika la mke wake.

Jana mume wangu alimpeleka kliniki. Daktari amemweleza kwamba saa ya kumeza ile dawa inaweza kupangwa upya kulingana na siku yake, na akamwandikia. Asimezeshwe mtu dawa kwa kusoma hapa, kila mmoja aulize wake.

Kuhusu ulinganisho wenyewe: ile nyumba ya mchana nilienda saa tisa kama Jirani alivyosema. Haikuwa mbaya. Wazee watano, wahudumu wawili, choo cha kukalia chenye vyuma. Lakini baba alipoingia alisalimia, akaketi, akaniangalia kama mtoto anayeachwa bweni siku ya kwanza. Nimeiweka kando bila kuifuta. Luanda kwa sasa hapana, hata na CHP mwema, usiku ni mrefu. Kisumu ataenda Agosti wiki mbili aone, na nimemwambia kaka mahali ni muhimu kuliko chumba. Migosi wako chini, hakuna ngazi.

Kanisa sijaliacha. Mchungaji ameambiwa kuhusu choo, akasema litaingia kwenye kikao. Tunajua vikao. Wakati huohuo natafuta fundi wa kufunga vyuma vya kushikilia chooni kwangu na kwenye zile ngazi. Ukuta ni wa mawe, mwenye ploti amekubali mradi nilipe mimi. Nani anamjua wa bei ya kueleweka huku Lanet?

Mzee Saa Tano, shikamoo. Ijumaa mume wangu ana likizo. Wakija mjini baada ya saa tano, bodi itakuwepo?

Jirani wa Kaptembwa (saa 3:22)

Fundi yuko, angalia inbox. Alitufungia sisi, mwaka wa pili havijatikisika.

Mzee Saa Tano (saa 3:30)

Marahaba binti. Bodi itakuwepo. Choo ni cha kulipia hatua chache kutoka kwa fundi viatu, ni kisafi na anayekaa pale ananijua. Mwambie baba aje na kete zake, vifuniko kumi na viwili vya Fanta. Vya Coke ni vyangu.