WATOTO WA MZEE (MAMBO YA FUSO)

Jumamosi

Da Tuma: Kamweneee. Habari za jioni wote. Naomba kila mtu asome asije akasema hakuona. Ile Fuso tandam, lori la ekseli mbili nyuma, ya yule mzee wa Ilula anaiachia. Kadi ipo kwa jina lake, injini haijafunguliwa. Alitaka milioni 48 nimemvuta mpaka 45, nusu sasa hivi nusu ndani ya miezi 6. Anataka jibu Jumatano

Da Tuma: Kwenye akaunti ya gari tuna 14. Nusu ni 22 na nusu. Imepungua 8 na nusu. Nasubiri mawazo

Da Tuma: Naona mmesoma watu 9

Fadhili: Mimi nimesoma kwa jicho moja dada, jicho moja halina hela

Kelvin: 😂😂😂

Da Tuma: Fadhili naomba leo usianze

Fadhili: Sijaanza. Nauliza tu hiyo tandam ina redio? Ile yetu aliyotuachia Mzee redio inashika stesheni moja tu, ya mahubiri

Kelvin: Ndo maana haijawahi pinduka 😂

Shem Joni: Habari za jioni wanafamilia. Da Tuma hiyo hesabu ya miezi 6 umeipigaje? 22 na nusu gawa kwa 6 ni karibu milioni 3 na laki 7 na nusu kila mwezi. Ile yetu kwa safari tukitoa kila kitu inabaki kama laki 4

Da Tuma: Shem nimeipiga. Ile yetu inapiga safari 4 mpaka 5 kwa mwezi, hiyo ni karibu 2. Tandam inabeba gunia 150 za viazi kwa hizi mia za ile, nayo inataka dereva mmoja tu, utingo mmoja, mafuta yanaongezeka lakini sio mara mbili. Kwa hiyo hiyo nyingine inaleta 3. Mbili na tatu ni tano. Tunalipa na tunabaki

Shem Joni: Kwenye karatasi iko sawa. Sasa ngoja niseme maana nimeendesha hii barabara kabla sijamuoa mdogo wako. Kushuka Dar na viazi sio shida, shida ni kupanda. Makambako Dar kwenda na kurudi ni kama kilomita 1300, Fuso ikiwa na mzigo inakula lita moja kwa kilomita 3 na kitu, mafuta peke yake yanapita milioni. Ukibeba gunia 100 kwa elfu 10 umepata milioni, yaani viazi vimelipa dizeli tu na hapo sijagusa posho ya dereva, utingo, ushuru wa halmashauri, parking, na dalali wa mzigo. Faida yote iko kwenye simenti au bati au soda ya kurudia. Mwezi uliopita gari imelala Dar siku 5 inasubiri mzigo wa kupanda, mwishowe ikapanda na magodoro nusu bodi. Sasa gari moja imekosa mzigo wa kurudi mnataka ziwe mbili zikakae Ubungo zinatazamana?

Fadhili: Zitazaa kadogo, Kirikuu

Kelvin: 😂😂😂 nimekufa

Neema: Jamani Kirikuu 😂 mimi nataka hicho kitoto

Da Tuma: Neema hujaandika hapa tangu msiba wa bibi unakuja kuandika Kirikuu

Ezra: Mimi siungi mkono tandam. Tukikua tukue kweli. Scania moja na trela, tani 30, iende Tunduma Lubumbashi, malipo ya dola. Kuna jamaa huku Dar alianza na moja 2019 sasa anazo 6

Shem Joni: Kaka Ezra hiyo nimeiona pia. Lakini tairi 22, na Tunduma foleni, Kasumbalesa mpakani na Kongo foleni nyingine, bima ya kadi ya njano ya kupita Zambia, dereva anayejua Kongo anataka posho yake, na gari ikiharibikia huko hamna fundi wa kumpigia simu. Mwenye 6 anaweza kusubiri moja iliyokwama. Mwenye moja hawezi

Ezra: Unamkatisha mtu tamaa

Shem Joni: Simkatishi mtu. Hata hiyo tandam yenyewe ina tairi 10, ukibadili zote milioni 5 haitoshi. Na mizani ya barabarani ndo ile ile, mwisho tani 26 jumla kwa ekseli tatu, gari pamoja na mzigo. Watu wa lumbesa, yale magunia ya kujaza kupita kiasi, wakikuzidishia nyuma, hata jumla ikiwa sawa ekseli ya nyuma inasoma kubwa unashusha na kupanga upya hapo hapo juani

Da Tuma: Kwa hiyo tusifanye kitu. Tukae na gari moja mpaka nalo lioze

Shem Joni: Sijasema hivyo shem

Ezra: Upungufu wa 8 na nusu ni hela ndogo. Hati ya nyumba ya mjini ipo, benki wanatoa ndani ya wiki 2

*Ujumbe huu umefutwa*

Da Tuma: Leah umefuta nini?

Leah: Hamna

Da Tuma: Sema tu

Leah: Basi niseme. Kabla hatujaongelea hati mtu anieleze ile difu, ile gia ya ekseli ya nyuma. Hela ya viazi vya mama ilitoka ikaenda kununua difu, na difu ile ile ilikuja kuonekana kwenye gari la nani, hapo nyamazeni nisiandike jina

Ezra: Leah tena hiyo? Hiyo tulimaliza nyumbani Pasaka

Leah: Mlimaliza nyie. Mimi nilikuwa jikoni

Fadhili: Pilau ilikuwa nzuri lakini

Leah: Fadhili nyamaza

Ezra: Na mimi nilipe mara ngapi? Nimeshaeleza fundi ndo alibadilisha

Leah: Fundi huyo ana simu? Tumuongeze humu kikundini

Mama: Leah

Leah: Nimenyamaza mama

Jumapili

Da Tuma: Baada ya ibada tuendelee. Nimeshaongea na mzee wa Ilula, amekubali mtu aende akaangalie gari na fundi. Nani anaenda? Fundi anataka elfu 40 na nauli

Da Tuma: ???

Da Tuma: Watu 11 mmeona

Bamkubwa: Nimesoma yote tangu jana maana mjukuu kanisaidia miwani.

Da Tuma: Shikamoo Bamkubwa 🙏

Kelvin: Shikamoo babu

Ezra: Shikamoo Bamkubwa

Shem Joni: Shikamoo mzee

Bamkubwa: Marahaba. Hati ya nyumba ya mdogo wangu haitoki kabatini. Sio kwa Fuso, sio kwa Skania. Watoto wenu watalala humo.

Bamkubwa: Marehemu alinunua lile gari kwa mbao. Akakaa nalo muda mrefu bila la pili na hela ya kuongeza alikuwa nayo. Alikuwa anaandika kila lita na kila nati kwenye daftari jekundu. Nataka kuona daftari la gari lile tangu alipofariki. Likiwa limeandikwa mnunue hata matatu. Likiwa halijaandikwa msiniite kikao.

*(Hakuna ujumbe hadi jioni)*

Neema: 🙏

Subira: Nimeona sasa hivi, nilikuwa shamba hakuna mtandao. Kikao ni lini?

Da Tuma: Hakuna kikao. Sawa. Tumemsikia Bamkubwa na ana haki. Ila naomba tutenganishe mambo. Hati tumeacha. Sasa mzee wa Ilula tukimuomba atupe mpaka mwisho wa mwezi unaokuja, kila mtu akitoa laki 6 tuko 14 humu, ukitoa mama na Bamkubwa 12, ni milioni 7 na laki 2, inabaki milioni moja na laki 3 tu

Fadhili: Hesabu ya dada haijawahi kulala

Subira: Laki 6 mimi sina. Mbili naweza baada ya mahindi

Shem Joni: Da Tuma mimi nitatoa, na fundi namlipa mimi niende naye Jumanne. Nitaangalia injini, gia boksi, chesesi kama imechomelewa. Lakini kabla ya kutoa hela kwa mzee, tupate mtu wa mzigo wa kupanda, mkataba hata wa mdomo. Kuna duka la vifaa vya ujenzi Makambako linapokea simenti kila wiki, naongea nao kesho

Da Tuma: Sawa shem. Angalau mmoja

Ezra: Nami sijakataa. Ila laki 6 zikitoka nani anashika?

Leah: Sio wewe

Mama: Leah

Da Tuma: Atashika Shem. Sasa daftari. Bamkubwa anataka daftari. Daftari liko wapi?

Da Tuma: Ezra?

Ezra: Nililiacha kwenye dashibodi ili dereva awe anaandika mafuta mwenyewe

Leah: 🙃

Shem Joni: Na gari liko wapi sa hizi?

Kelvin: Utingo kaniambia mchana wako mizani ya Mikese, Morogoro, wameambiwa wapange gunia upya, simu ya dereva haipatikani tangu saa tisa

Da Tuma: Nani ana namba yake ya pili?