Mrejesho: Bildi ya Symfony iliyogoma kwenye seva

Wadau, ahsanteni sana. Niliuliza kwa nini mradi wa Symfony 6.4 (fremuweki ya lugha ya PHP) unapita kwenye laptopu zetu hapa Mwenge, lakini bildi ya otomatiki, yaani seva kuuandaa mradi yenyewe, inagoma. Jibu limepatikana.

Laptopu zina PHP 8.3, seva ina 8.1. Symfony 6.4 yenyewe inakubali 8.1, ila kifurushi chake cha symfony/console 6.4 kinaruhusu kifurushi kingine, symfony/string, cha toleo la 5.4, 6 au 7. Composer (zana ya kupakua vifurushi vya PHP) ikikuta PHP 8.3 inachukua 7, na hiyo 7 inadai PHP 8.2 kwenda juu. Hapo composer.lock (faili linaloandika matoleo kamili yaliyochaguliwa) inabeba kitu ambacho seva haiwezi kukipokea. Aliyependekeza `composer why-not php 8.1` alilenga penyewe, maana inataja kifurushi kinachozuia.

Tiba (amri ya kwanza inaiambia Composer ichague vifurushi kana kwamba PHP ni 8.1.0):

`composer config platform.php 8.1.0`
`composer update`

Kisha komiti composer.json (faili la mahitaji ya mradi) pamoja na composer.lock. Kwenye seva ni `composer install` tu. `Update` huko inapanga matoleo upya, na seva inaweza kupata matoleo tofauti na yale mliyoyapima. Tafadhali msitumie `--ignore-platform-reqs`, inayoiambia Composer ipuuze toleo la PHP linalodaiwa: bildi itapita, programu ianguke mbele ya mteja.

Ongezeni `composer check-platform-reqs` kwenye seva, kwani inapuuza ile 8.1.0 tuliyoiandika na kupima PHP iliyopo kweli.

Kuhusu kuokoa bando: kati ya bildi na bildi hifadhini kashe ya Composer (vifurushi ilivyokwisha kupakua), siyo folda ya vendor (vilikosakinishwa), na ufunguo wa kashe hiyo uwe heshi ya composer.lock, yaani alama fupi inayobadilika faili likibadilika.